Mpaka Samaki Waelee Ndio Muamini?

Kuna hesabu moja tunayoitumia hapa Kisumu na nimechoka nayo kabisa. Inaenda hivi: samaki hawajaelea, basi maji ni sawa. Utaisikia ufuoni, utaisikia kwa redio, utaisikia kwa jamaa wa ofisi mwenye beji shingoni. Na sisi tunaitikia, tunarudi kwa sahani, tunamtoa ngege miba, tunapiga picha ya machweo, tunaposti.

Leo nataka tuipasue hiyo hesabu. Kuna mnyama anaweza kuuawa na uchafu wa maji bila kuelea hata siku moja. Anauawa kupitia moyo, tena akiwa bado ndani ya yai dogo kuliko punje ya mtama, na hakuna mtu anayekuja na kamera.

Najua komenti ya kwanza itakuwa gani. Ati wewe uliacha chuo, sayansi ya sumu unaijulia wapi? Ni kweli, niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini makala za watafiti zinasomeka hata na msee asiye na kofia ya kuhitimu, bora uwe na bando na subira. Bishana na hoja, omera. Cheti kiache kipumzike.

Tuanze mahali wote tunapajua. Kwa miaka mingi magari yameoshwa ufuoni mwa ziwa letu, mengine yanaingizwa hadi magurudumu yanazama. Matatu, pikapu, lori, boda. Kijana anasimama majini hadi magotini, ana sabuni, ana kitambaa, anafungua boneti anaosha injini. Kinachotoka pale ni matope, grisi, dizeli kidogo, na oili iliyochomeka ndani ya injini kwa miezi. Unaona ule upinde wa mvua unaotandaza juu ya maji? Watoto huupenda.

Sasa, hawa vijana wa kuosha magari wa Kisumu ni maarufu duniani kuliko unavyodhani. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI na wenzao kutoka Marekani walikuwa wakiwafuatilia kwa sababu ya kichocho. Wakisimama majini, minyoo inaingia kupitia ngozi. Wanatibiwa, wanarudi kazini, wanaambukizwa tena. Mwaka wa 2002 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa nao pamoja na wachimba mchanga wa ziwani, kuonyesha kwamba kuna baadhi yao ambao baada ya kutibiwa mara kadhaa miili yao hujifunza kupigana na maambukizi mapya. Ni kazi nzuri sana, na naipigia makofi. Lakini fikiria: damu ya muoshaji imesafiri hadi kwenye jarida la London, na yai la samaki lililo hatua chache kutoka mguuni pake halina hata kadi ya kliniki.

Ngege wa siku hizi, yule sato mkubwa tunayemla, ni mama wa ajabu. Akishataga na mayai yakapata mbegu ya dume, anayaokota yote na kuyaweka kinywani. Anakaa nayo siku nyingi, hali vizuri, anayageuza-geuza ili maji yapite katikati yao. Yaani kila tone la maji ya Ghuba ya Winam anayovuta linapita juu ya watoto wake. Kama maji yamebeba kitu, mama mwenyewe ndiye anakisambaza, na hajui.

Ndani ya yai, kiungo cha kwanza kuanza kazi ni moyo. Kwa samaki mdogo wa milia ambaye maabara duniani hupenda kumtumia, zebrafish, moyo unaanza kupiga takriban saa 24 tu baada ya yai kurutubishwa. Hana mdomo, macho bado yanajitengeneza, lakini moyo unadunda. Unaanza kama bomba lililonyooka, kisha unajikunja, unapata vyumba. Na huo mkunjo hautokei vizuri kama moyo haupigi vizuri. Kupiga ndiko kunaufinyanga.

Hapo ndipo oili inaingia. Mafuta ya petroli, na zaidi oili iliyotumika kwa injini, yana kundi la kemikali ambazo watafiti huziita PAH. Usijali jina, fuata kazi yake. Kila chembe ya msuli wa moyo ina milango midogo ya kuingiza na kutoa chumvi zenye umeme: kalsiamu inaingia, msuli unakaza; potasiamu inatoka, msuli unalegea, unajipanga kwa pigo linalofuata. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Science walichoona walipoweka chembe za moyo wa jodari kwenye mafuta ghafi kutoka ule mkasa wa Deepwater Horizon wa 2010, Ghuba ya Mexico. Mafuta yaliziba mlango wa potasiamu na kuvuruga kalsiamu. Moyo ukachelewa kulegea, ukakaza kwa unyonge. Huo ni mfano wa jodari mkubwa, yule wa kuvuka bahari. Sasa ufikirie moyo wa siku mbili.

Kwa kiinitete picha inakuwa mbaya. Mapigo yanapungua, yanaruka. Damu haisukumwi, maji yanajaa kuzunguka moyo kama puto. Moyo unabaki umenyooka kama uzi. Taya halikui vizuri, mgongo unapinda. Kwa muda mrefu watu walidhani kemikali inaharibu kila kiungo kivyake, hadi watafiti wakaonyesha kwamba kwa baadhi ya hizi kemikali moyo ndio unaanza kufeli, na mengi ya yale mengine yanafuata nyuma yake.

Nitakuletea Alaska kidogo, usinune, nitarudi nyumbani saa hii. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Picha unazijua: ndege weusi kwa mafuta, watu wanapangusa mawe. Sasa kuna samaki wa kule, hering, anataga karibu na pwani majira hayo hayo ya mwaka. Miaka minne baadaye, 1993, samaki wa aina hiyo pale walianguka vibaya, na hadi leo hawajarudi walivyokuwa. Kwa nini? Wanasayansi wamebishana: wengine wanataja magonjwa, wengine chakula. Lakini mwaka wa 2015 kundi la watafiti likachapisha kitu kilichoninyima usingizi. Walichukua mayai ya hering na ya samoni, wakayaweka kwenye mafuta kidogo sana, kiasi ambacho hakiui. Watoto wakatoka, wanaonekana sawa. Wakalelewa kwa maji safi miezi. Baadaye walipowapima kuogelea, walikuwa wazito wa mwendo kuliko wenzao, na mioyo yao ilikuwa na umbo lisilo la kawaida.

Soma tena hapo. Walionekana sawa.

Samaki mwenye moyo kama huo haelei. Anaogelea polepole kuliko ndugu zake, na ziwani polepole ni chakula. Mbuta anampitia. Mwari anampitia. Hakuna maiti, hakuna harufu, hakuna kamera za habari za saa moja. Mvuvi anaona tu kwamba nyavu zimekuwa nyepesi, na tunamwambia amevua sana. Kuvua kupita kiasi kupo, sikatai, na nyavu za matundu madogo ni aibu yetu. Ninachosema ni kwamba kuna mwizi mwingine kwa nyumba hiyo hiyo na hakuna anayemmulika tochi.

Sasa nije kwa kitu kilichonifanya niandike hii posti badala ya ile ya shoo ya wikendi.

Dunia hupimaje sumu kwa samaki? Kile kipimo maarufu kinafanywa hivi: weka samaki kwa maji yenye kemikali, ngoja saa 96, hesabu maiti. Tafuta kiasi kinachoua nusu yao. Wazo la kuua nusu lilianza 1927 na Mwingereza anayeitwa Trevan, aliyekuwa akipima nguvu za dawa kwa wanyama wa maabara. Karibu miaka mia moja na bado tunahesabu maiti. Mwaka wa 2013 ukaja mwongozo wa kimataifa wa kutumia mayai ya samaki badala ya samaki wakubwa, jambo zuri, kwa sababu mayai ni mengi na mateso ni machache. Unaweka mayai ya yule samaki wa milia kwenye kemikali saa 96, kila siku unachungulia kwa hadubini. Kuna dalili nne za kusema amekufa. Moja yazo ni kwamba moyo haupigi.

Haupigi kabisa. Hicho ndicho kizingiti. Moyo unaodunda mara moja moja kama jenereta iliyoishiwa mafuta, huo kwa hesabu ya kifo ni mzima. Mwenye maabara anaweza kuandika pembeni kwamba ameona kasoro, lakini namba inayobebwa kwenda kwa meza ya leseni ni ile ya waliokufa.

Na kuna ujanja mwingine hapo ambao ukiuelewa utakasirika kama mimi. Kiinitete cha samaki ni kidogo mno, hata hewa ya oksijeni kinaipata kupitia ngozi. Kwa siku kadhaa za kwanza kinaweza kuishi bila damu kuzunguka. Moyo umefeli na mwenyewe bado yuko hai, anatingisha mkia. Atauhitaji moyo baadaye, akishakua ngozi isitoshe. Sasa saa 96 ni siku ngapi? Nne. Yaani mtihani unafungwa kabla mtahiniwa hajafika swali la moyo, halafu tunampa alama ya kupita.

Mkiambiwa kemikali fulani imepimwa na haina madhara makubwa kwa samaki, ulizeni: mlipima hadi siku ya ngapi, na moyo mliuangalia ama mlihesabu maiti tu?

Kitu kinachouma ni kwamba ule mlango wa potasiamu unajulikana vizuri sana pale mwathiriwa anapokuwa sisi. Miaka ya 1990 kulikuwa na dawa ya mzio inaitwa terfenadine. Ilionekana poa hadi ikagundulika kwamba ikizidi kwa damu inaziba mlango huo huo kwenye moyo wa binadamu, mapigo yanavurugika, watu wanaanguka. Ikaondolewa sokoni. Tangu 2005 kuna mwongozo wa kimataifa unaotaka kampuni ichunguze kama dawa mpya inagusa mlango huo kabla ya kuwapa watu wengi. Hakuna anayesema tungoje maiti kwanza. Basi sayansi ipo, vifaa vipo, na mlango ni ule ule kwa moyo wako na wa ngege. Kilichokosekana ni mtu wa kujali upande wa pili.

Kifo kinachoelea, kwa upande mwingine, kinapata huduma zote. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi hapa Kisumu. Wakulima walipoteza pesa za kulia, wengine walikuwa wamekopa. Waliokuja kuchunguza walitaja upungufu wa oksijeni: maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu na samaki wa kizimba hana pa kukimbilia. Sote tuliposti. Mimi pia video yangu ilienda mbali wiki ile. Magavana, mawaziri, makamera. Nawaonea huruma wale wakulima hadi leo. Lakini angalia tulichojifunza kama mji: kwamba ziwa likiumwa litatuonyesha. Halitatuonyesha kila wakati, manze.

Na hata likituonyesha, hatusomi. Nenda kaskazini kidogo mwa hapa, Bunyala, pale Nzoia inapomwagikia ziwani, kwenye mashamba ya mpunga. Kuna ndege anaitwa korongo domo-wazi, chakula chake ni konokono. Watu walikuwa wanachukua konokono, wanamtia Furadan, dawa ya kuua wadudu shambani, wanamtega korongo. Wengine waliweka ndege hai waliofungwa kamba ili wenzao washuke wakidhani pako salama. Mtafiti wa ndege Mkenya, Martin Odino, aliandika na kupiga picha hayo yote miaka ile ya 2009. Ndege waliookotwa waliuzwa wakaliwa na watu.

Kemikali iliyo ndani ya Furadan inaitwa karbofurani, nayo pia inapitia moyo, kwa njia nyingine. Mwilini kuna ujumbe ambao neva hutuma kuuambia moyo upunguze mwendo. Ukishafika, kuna kimeng'enya kinachoufuta ili moyo uendelee. Karbofurani inakifunga hicho kimeng'enya. Ujumbe wa kupunguza mwendo unabaki umesimama pale kama breki ya lori iliyokwama, moyo unazidi kwenda taratibu, huku mapafu yanajaa majimaji na misuli ya kupumua inagoma. Chembe moja tu ya ile dawa ya punje inatosha kumuua ndege mdogo.

Hapo maiti zilikuwepo, za kuzoa kwa gunia. Je, ziliiondoa Furadan? Iliyoitikisa zaidi ni televisheni ya Marekani: CBS ilipoonyesha 2009 kwamba simba wa Kenya wanawekewa sumu hiyo kwenye mizoga, kampuni iliyoitengeneza, FMC, ikasema inaacha kuiuza hapa na itanunua iliyobaki madukani. Simba, sawa. Simba ana mashabiki. Korongo wa Budalang'i alikuwa amekufa mbele yetu kwa muda gani bila mtu kuinua simu? Kwa hivyo mkiniambia tungoje samaki waelee ndio tuchukue hatua, samahani, hiyo hatua nimeiona ikichukuliwa na najua inavyotembea.

Sasa tuje kwa wale wanaoniuma kwa inboksi.

Wa kwanza: buda, watu wana njaa, wewe unaleta mapigo ya moyo wa samaki. Boss, hiyo njaa inashibishwa na nini hapa? Omena, mbuta, ngege. Mama anayekaanga samaki Dunga hana biashara nyingine ya akiba. Moyo wa yule mtoto wa samaki ndio karo ya mtoto wa mtu Nyalenda.

Wa pili ananiambia nataka vijana wafukuzwe ufuoni. Sitaki. Nimekua nao, nimeoshewa boda na wao, wengine ni mafans zangu. Kumfukuza kijana kwa askari wa kaunti ni rahisi, na kesho yuko mita mia mbili mbele na ndoo yake. Ninachotaka ni sakafu ya saruji mbali na ukingo, yenye mfereji unaoingia kwenye shimo la vyumba vitatu. Mafuta huelea juu ya maji, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Maji yanahama chumba hadi chumba kupitia bomba la chini, mafuta yanabaki juu, yanachotwa yanauzwa kwa wanaoyatumia tena. Ni fundi wa mawe na bomba za plastiki, hata mhandisi wa kutoka ng'ambo hahitajiki. Maji ya bomba yalipiwe na wenye magari. Wewe mwenye gari la milioni mbili unabishania nyongeza ya hamsini, unataka kijana asimame kwa kichocho ili kioo chako king'ae?

Na hapa niseme kitu kuhusu sabuni, kwa sababu nimesikia hata watu wazima wakisema ati sabuni inamaliza oili. Haimalizi. Inaivunja kuwa matone madogo sana usiyoyaona, yanayochanganyika na maji badala ya kukaa juu. Ule upinde wa mvua unapotea, wewe unafurahi, na mafuta yameshuka kule mayai yaliko. Sabuni nyingi huharibu hata kazi ya lile shimo la vyumba vitatu, maana matone yakiwa madogo hivyo hayaelei haraka. Kwa hivyo injini ioshwe pekee yake, mahali pake, kwa sabuni kidogo. Hizo ni kanuni za kubandika ukutani hapo sakafuni.

Wa tatu ndiye mjanja zaidi. Ananiuliza: umethibitisha kwamba mayai ya ngege wa Winam yana mioyo mibovu? Sikiza, sijasema kila yai limeharibika. Nimesema kipimo tunachokitegemea kisingeona hata kama yote yangekuwa yameharibika. Mtu akikuambia nyumba haina moshi na amefumba macho, humwulizi moto uko wapi. Unamwambia afumbue. Kisumu tuna ofisi za KMFRI, Maseno iko hapo juu, tuna wanafunzi wa sayansi wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho kila Januari. Mayai ya ngege yanapatikana kwa kila kituo cha kuzalisha vifaranga. Chota maji Kisat panapoingilia ziwani, chota hapo pa kuoshea magari, chota mbali kabisa kwenye maji safi ya kulinganisha. Lea mayai kwa hayo maji, upitishe ile siku ya nne, hesabu mapigo kwa dakika. Simu yako inaweza kurekodi kupitia hadubini. Nitaposti kila video mtakayonitumia, bure.

Na haraka yangu haitokani na kuosha magari pekee. Hapa Kisumu kuna gati la mafuta la Kenya Pipeline, lililokamilika 2018, la kupakia mafuta kwa meli kuelekea Uganda. Upande wa pili wa ziwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga linapita sehemu ndefu ndani ya bonde hili hili la Victoria. Sijasema kuna kilichomwagika. Nasema siku kitamwagika, mtu atasimama mbele ya kamera na kutuambia samaki walioelea ni wachache. Na kama hatuna rekodi ya mapigo ya moyo wa mayai ya leo, tutamjibu na nini? Alaska waligombana miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo: huwezi kuonyesha kilichopotea kama hukukipima kikiwepo.

Sheria, kusema ukweli, imetutangulia. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinamkataza kila mtu kufanya kitendo kinachoweza kuchafua maji, iwe papo hapo au baadaye. Baadaye imo ndani. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na kinasema wazi kwamba huhitaji kuonyesha kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Rudia kusoma. Wakenya walipiga kura kwamba maiti si tiketi ya kuingilia kortini. Halafu ofisi zetu zinatuuliza maiti ziko wapi.

Wale wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata ushindi mahakamani 2020, shilingi bilioni 1.3 kwa sababu ya sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alipigania kesi hiyo miaka na miaka. Lakini kufikia hapo watoto walikuwa tayari wana risasi kwa damu. Sitaki ziwa letu lisubiri zamu ya namna hiyo.

Kwa hivyo wiki hii naandika barua mbili. Moja ni kwa NEMA, chini ya kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata habari: naomba nionyeshwe vipimo vya maji ya sehemu za kuoshea magari na vya mdomo wa Kisat, na niambiwe kama kuna hata kimoja kilichoangalia mayai ya samaki. Nyingine ni kwa kaunti, kuhusu sakafu ya saruji na shimo la vyumba vitatu, kabla bajeti haijafungwa. Nimeziweka zote mbili hapo chini kwa Kiswahili ili unakili, ubadilishe jina, uweke lako. Usiandike jina la mtu mwingine, na usiweke matusi, wataitumia hiyo kutupuuza. Ukijibiwa, piga picha jibu unitumie. Usipojibiwa ndani ya siku 21, nitumie tarehe uliyopeleka, naanza kuhesabu.